Kitenzi “Disrupt”: Namna ya Kukisoma, Kukitafsiri na Kukitumia

Ukifuatilia habari za Kiingereza kwa siku chache tu, utakikuta kitenzi “disrupt” katika mambo yasiyofanana hata kidogo. Kinatumika kwa theluji iliyosimamisha treni, mgomo uliopunguza huduma hospitalini, dawa inayomkosesha mtu usingizi mzito, mtoto asiyewaacha wenzake wasome, na kampuni changa iliyowanyang'anya mabenki wateja. Katika habari moja ni lawama. Katika habari ya ukurasa unaofuata ni sifa ambayo wakurugenzi wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Ukimuuliza mtu maana yake, mara nyingi atakujibu “kuvuruga”, na jibu hilo si baya. Ubaya unakuja pale mtu anapolichukua na kulipachika kila mahali. Atapatia mara kadhaa, kisha siku moja atamsingizia mtu fujo asiyoifanya, au atalikuza jambo dogo likaonekana maafa, au ataandika pongezi isomeke kama shutuma. Kama unaandika habari, unatafsiri nyaraka, unamkalimania mzazi shuleni ughaibuni, au unaomba mtaji kwa Kiingereza, kitenzi hiki kinastahili dakika zako chache, kwa sababu kinaacha wazi mambo ambayo Kiswahili kinakutaka uyaseme.

Tuanze na kiini chake. Kinatokana na Kilatini, “disrumpere”, kupasua kitu kikaachana vipande. Shina hilohilo la kuvunja limo ndani ya “interrupt”, “erupt”, “corrupt” na “bankrupt”. Waskoti bado wanalikumbuka neno hili kwa maana hiyo ya kale: Mei 1843, huko Edinburgh, zaidi ya wachungaji 450 walijitoa katika Kanisa la Scotland kwa kupinga wamiliki wa ardhi na serikali kuingilia uteuzi wa wachungaji, wakaunda kanisa lao huru. Tukio hilo katika historia yao linaitwa “the Disruption”, kwa herufi kubwa. Pale maana ilikuwa mpasuko kamili. Leo maana imelainika. Kinachoguswa ni mwendo wa jambo au mpangilio wake: kitu kilikuwa kikienda kwa utaratibu, kikaingiliwa, kisiendelee kama kawaida.

Hapo ndipo pa kushika. Kinachopatwa na kitenzi hiki lazima kiwe na mwendo au mfumo: mkutano, masomo, safari, usambazaji wa mafuta, usingizi, biashara, mzunguko wa maji katika mazingira. Nyumba haina mwendo, kwa hiyo “The rain disrupted our house” haikubaliki. Nyumba inaharibiwa, na neno lake ni “damaged”. Mtu naye, kwa kawaida, hafanyiwi tendo hili. Wanafunzi wetu wengi huandika “My brother disrupted me while I was reading” wakimaanisha kaka yangu alinisumbua nikisoma. Mwingereza ataelewa, ila atahisi kasoro. Hapo panatakiwa “disturbed” au “interrupted”. Unaweza kuvuruga usomaji wangu, ratiba yangu, hata maisha yangu, lakini katika Kiingereza huwezi kunifanyia mimi mwenyewe tendo hilo.

Hivyo vitenzi vitatu vinakaa jirani na vinachanganywa sana. Chukua mkutano wa kijiji. Mzee anasimama na kuuliza swali mwenyekiti akiwa bado anazungumza: amemkatiza, na hiyo ni “interrupt”. Akishajibiwa, mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia. Nyumba ya pili kuna sherehe, muziki unawafanya watu watege masikio kwa shida: wamesumbuliwa, yaani “disturb”, kwa kuwa kilichoguswa ni utulivu wao. Kibao cha mlangoni hotelini kinatumia kitenzi hichohicho, maana mgeni anataka utulivu. Sasa kundi la watu linaingia, linapiga kelele, linazuia msemaji asisikike, na ajenda tatu kati ya tano zinaahirishwa. Hapo ndipo penye “disrupt”. Ukikatiza mara moja, mkutano unaendelea. Ukikatiza kila mzungumzaji kwa saa nzima, mkutano wenyewe umeharibika, na kitenzi kinabadilika ingawa tendo ni lilelile.

Kimatamshi, mkazo uko kwenye silabi ya pili: dis-RAPT. Ulimi wa Kiswahili umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi wetu tunasema DIS-rapt. Katika “disrupted” na “disruption” mkazo unabaki palepale kwenye “rap”, na hapo ulimi wetu haupati shida. Kitenzi hakihitaji kihusishi chochote kabla ya kinachovurugwa. Andika “disrupt the lesson”, usiweke “with” wala “on” katikati.

Nani alivuruga?

Kosa kubwa zaidi la kisarufi linatokana na utajiri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina kauli mbili pale Kiingereza kina moja. Tunasema mkutano ulivurugwa, na tunasema mkutano ulivurugika. Sentensi ya kwanza ina mtu nyuma yake, hata kama hajatajwa. Ya pili inaeleza hali tu: jambo limeenda kombo, huenda kwa mvua, huenda kwa umeme kukatika, huenda hakuna wa kulaumiwa. Mzungumzaji wa Kiswahili akiihamisha kauli hiyo ya pili kwenye Kiingereza anaandika “The meeting disrupted”, na sentensi inaanguka, kwa kuwa kitenzi hiki hakisimami bila kinachotendwa. Inabidi iwe “The meeting was disrupted”.

Geuza sasa upande wa pili, maana hapa ndipo penye hatari kwa mwandishi wa habari. Simu yako imepokea habari ya Kiingereza: “The rally was disrupted.” Haikutajwa nani, na Mwingereza hana kauli ya kumsaidia kutofautisha. Wewe huwezi kukwepa. Ukiandika “mkutano wa hadhara ulivurugwa”, msomaji wako wa Kahama au Kisumu ataanza papo hapo kuuliza ni chama gani kilituma vijana. Ukiandika “ulivurugika”, umemwondoa mhusika, na kama kweli kulikuwa na watu waliorusha mawe, umewafunika. Herufi mbili tatu mwishoni mwa kitenzi zinaweza kuamua nani analala rumande katika fikra za wasomaji. Kwa hiyo soma habari yote kabla ya kutafsiri kichwa chake. Tafuta neno “by” na kinachofuata. Kama ni “by heavy rain”, andika mvua ilikatiza mkutano. Kama ni “by protesters”, andika waandamanaji waliuvuruga. Kama habari nzima haisemi, piga simu kwa aliyekuwepo. Na ukikosa kabisa, eleza kilichoonekana: mkutano ulisimama, watu walitawanyika, msemaji hakumaliza hotuba. Sentensi hiyo haimtuhumu mtu wala haimfichi mtu.

Kwa kiasi gani?

Jambo la pili ambalo kitenzi hiki hakilisemi ni ukubwa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Habari za Kiingereza zilitosheka na “disrupted”. Lakini yaliyowakuta watu yalikuwa tofauti. Kuna waliokatikiwa kabisa. Kuna ambao kurasa zilifunguka kwa kusuasua. Kuna ambao mtandao wao uliegemea mkongo mwingine na hawakuhisi kitu kikubwa. Ukisema “intaneti ilikatika” umewasemea wa kwanza peke yao. Ukisema “ilipungua kasi” umewasahau waliofunga ofisi. Kwa hali kama hiyo wahariri wetu wamezoea “huduma zilitatizika”, na nadhani ni chaguo zuri la kichwa cha habari, mradi aya ya kwanza ieleze wapi ilizimika na wapi ilizorota.

Ukubwa huo unaweza kubadilika kabisa ndani ya habari moja. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka Iceland, majivu yakatanda, na anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Safari za ndege zipatazo 100,000 zilifutwa. Kiingereza kiliita hali hiyo “flight disruption”, maneno yaleyale yanayoandikwa ndege moja inapochelewa kwa ukungu. Naivasha, wakulima wa maua waliokuwa wakipeleka shehena zao Ulaya kwa ndege kila siku walibaki na maua yaliyokwisha kukatwa, yakanyauka na kutupwa, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Mtafsiri aliyeandika “safari za ndege zilitatizika” hakukosea neno. Alikosea kipimo. Safari zilisimama, biashara ilikwama, maua yakaoza.

Uingereza wamefika hadi mahakamani kwa sababu ya ukubwa wa neno hili. Sheria yao ya mwaka 1986 kuhusu utulivu wa umma inawapa polisi mamlaka ya kuweka masharti kwa maandamano yanayoweza kuleta “serious disruption to the life of the community”, yaani kukwamisha kwa kiasi kikubwa maisha ya jamii. Juni 2023 waziri alitumia kanuni kuteremsha kiwango hicho: chochote kinachozidi “kidogo” kihesabiwe kuwa kikubwa. Shirika la haki za binadamu la Liberty likapinga. Mei 2024 Mahakama Kuu ikasema waziri hakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo, na Mei 2025 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa ya serikali. Uhuru wa watu kuandamana ulikuwa umening'inia kwenye kivumishi kimoja kilichokaa mbele ya nomino hii. Ukitafsiri hati ya aina hiyo, usiache “serious” ipotee, na usiache “minor” ipotee. “Minor disruption” ni kero ya muda mfupi. “Severe disruption” ni jambo la kuahirisha safari. Anayekusoma anataka kujua kama abebe mzigo wake aende kituoni au abaki nyumbani.

Na hapa niseme jambo kuhusu matangazo yetu wenyewe. Mashirika ya umeme na maji hupenda kufunga tangazo kwa kuomba radhi “kwa usumbufu utakaojitokeza”. Ni tafsiri ya adabu ya Kiingereza, na inapunguza uzito wa kilichotokea. Mashine ya kusaga iliyolala siku nzima, samaki walioharibika kwenye jokofu la mama mwenye biashara ndogo, hayo si usumbufu. Ni hasara. Ukiajiriwa kuandika matangazo hayo, pigania nafasi ya kutaja saa na mitaa, kwa kuwa mtu akijua umeme utakosekana kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni anaweza kujipanga.

Maneno tuliyonayo

Kiswahili hakina haja ya kubebesha “vuruga” mzigo wote. Kiingereza kimekusanya kwenye neno moja mambo ambayo sisi tunayatofautisha, na kila neno letu lina mahali pake.

“Tatiza” linafaa huduma: maji, umeme, mtandao, usafiri. Halimtaji mkosaji wala halisemi kama huduma imezimika au imedhoofika. “Kwamisha” ni zito zaidi, kitu kimenasa na hakisogei: ujenzi umekwama, mazungumzo yamekwama, meli Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez Machi 2021 na kukwamisha nyingine mamia kwa siku sita. “Zorotesha” linaeleza kushuka taratibu, kwa mfano masomo ya watoto ambao shule zao zilifungwa wakati wa korona. “Yumbisha” ni la soko, bei, sarafu na serikali, vitu vinavyotikisika kabla ya kuanguka au kutulia. Usichanganye haya na “sitisha”, ambalo linahitaji mwenye mamlaka aliyeamua. Mvua haisitishi mechi. Mwamuzi ndiye anayeisitisha kwa sababu ya mvua.

Neno ninaloliona likidharauliwa bila sababu ni “tibua”. Maji yaliyotulia yakitibuliwa tope linapanda juu, na wanaochota wanajua mara moja kuwa kuna aliyeingiza mguu. Polisi wa nchi za Magharibi wanaposema “we disrupted a plot”, mara nyingi njama haijafika kwenye utekelezaji na watuhumiwa wengine bado hawajakamatwa. Kilichofanyika ni kuharibu maandalizi. “Polisi walitibua njama” inasema hivyo hasa. Ukiandika “polisi walivuruga njama” inasomeka ovyo, na ukiandika “polisi walizima njama” umeahidi mwisho ambao haujafikiwa. Ikiwa lengo lilikuwa mtandao wa watu, mfano wa wauza dawa za kulevya, na mtandao huo umetawanyika kweli, chukua “sambaratisha”. Usilichukue kabla hujajua kama umesambaratika.

“Vuruga” lenyewe libaki pale mpangilio umechanganywa. Katika tiba na kilimo linakaa sawasawa. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi wanazungumzia “endocrine disruptors”, kemikali zinazoingia mwilini na kuigiza, kuzuia au kuchanganya kazi ya homoni. Baadhi ya plastiki zina kemikali hizo, na dawa ya DDT inatajwa miongoni mwake. Homoni hazijakatika wala hazijakwama. Ujumbe wake umechanganywa, kwa hiyo “kemikali zinazovuruga homoni” ni tafsiri ninayoitetea bila kusita. Vilevile kuna njia ya kupambana na wadudu wa matunda inayoitwa “mating disruption”: shambani hutundikwa vifaa vinavyotoa harufu ya nondo jike, anga yote ikajaa harufu hiyo, na dume akashindwa kumpata jike halisi. Hakuna mdudu aliyeuawa kwa sumu. Kilichovurugwa ni njia ya dume kumtafuta mwenzake, na mayai hayarutubishwi.

Barua kutoka shuleni

Sehemu hii nawaandikia wazazi na wakalimani wa Kiswahili walioko Uingereza, Marekani, Canada na kwingineko, kwa sababu hapa neno linamwangukia mtoto. Barua inafika nyumbani: “Your son has been disruptive in class.” Mzazi anaitafsiri kuwa mtoto ni mtukutu au hana adabu, na jioni hiyo nyumba inawaka moto. Lakini kivumishi hicho hakisemi mtoto alitukana wala alipigana. Kinasema alichofanya kilizuia somo kuendelea, kwake au kwa wenzake. Inawezekana alikuwa akizungumza. Inawezekana alijibu bila kunyoosha mkono. Inawezekana alisimama kila mara kumwuliza mwenzake kwa lugha ya nyumbani kwa kuwa hakuelewa maelekezo.

Usilichukulie jambo hilo kwa wepesi pia. Katika takwimu za shule za England, tabia ya kuvuruga masomo inayojirudia, “persistent disruptive behaviour”, ndiyo sababu inayoongoza ya watoto kusimamishwa kwa muda na hata kufukuzwa. Neno likishaanza kuandikwa kwenye faili linajijenga, barua baada ya barua. Basi omba kikao mapema, na ukiwa pale omba tendo. Somo gani lilikuwa likiendelea? Mtoto alifanya nini hasa? Nini kilitangulia dakika chache kabla? Imetokea mara ngapi, na kwa walimu wangapi? Mwalimu mzuri atakuwa na majibu, na majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mtoto anahitaji kukemewa, kubadilishiwa kiti, kupimwa masikio na macho, au kusaidiwa lugha. Kwa mkalimani ombi langu ni moja: usiseme “mwalimu anasema mwanao ni mkorofi” pale mwalimu aliposema “disruptive”. Sema “mwalimu anasema anayoyafanya mwanao darasani yanazuia somo lisiendelee”, kisha mwache mwalimu aeleze.

Neno hilo likitoka kwenye karatasi ya daktari au mwanasaikolojia, simama. Katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013 linalofahamika kama DSM-5, “disruptive” limo katika kichwa cha kundi zima la matatizo ya tabia yanayotambuliwa kitabibu. Hapo si malalamiko ya mwalimu tena. Mzazi aombe mkalimani mwenye ujuzi wa lugha ya hospitali, na aulize jina kamili la tatizo linalotajwa na lilipimwaje, kabla ya kutia saini chochote.

Pale linapokuwa sifa

Tumefika kwenye matumizi yanayowachanganya wengi: kampuni inayojigamba kuwa ni “disruptor”. Sifa hii ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1995 Clayton Christensen, mwalimu wa Harvard, pamoja na Joseph Bower, walichapisha makala juu ya “disruptive technologies”, na mwaka 1997 Christensen akatoa kitabu chake maarufu, The Innovator's Dilemma. Alikuwa na swali moja: kwa nini kampuni kubwa, zenye mameneja hodari na zinazowasikiliza wateja wao, zinaangushwa na kampuni ndogo?

Mfano wake mmoja ni wa chuma, na fundi yeyote wa ujenzi atauelewa. Marekani ilikuwa na viwanda vikubwa vya chuma vilivyoyeyusha madini. Vikatokea viwanda vidogo vilivyoyeyusha chuma chakavu kwa tanuri za umeme. Chuma chao hakikuwa bora, kikafaa nondo peke yake, bidhaa yenye faida ndogo kuliko zote. Viwanda vikubwa havikugombana. Viliachia nondo kwa furaha, vikabaki na bidhaa zenye faida nono. Wadogo wakaboresha kazi yao, wakapanda kwenye vyuma vya pembe, kisha mihimili, na mwaka 1989 kampuni ya Nucor ikaanza kutengeneza chuma cha mabati huko Crawfordsville, Indiana. Kila hatua wakubwa walikuwa na sababu ya kuridhisha ya kurudi nyuma, mpaka wakaishiwa pa kurudi.

Hiyo ndiyo maana aliyoikusudia: kuingia sokoni kwa chini, kwa bidhaa rahisi na ya bei nafuu, kuwahudumia watu ambao wakubwa hawawataki au ambao hawakuwa na huduma kabisa, kisha kupanda. Kwetu mfano uko mkononi. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, haikwenda kugombania wateja wenye akaunti za benki. Ilimfuata mtu aliyekuwa akimtumia mama yake pesa kwa kumkabidhi dereva wa basi, na wakala wake alikuwa mwenye duka la mtaani. Miaka michache baadaye mabenki yenyewe yalitafuta njia ya kuungana nayo. M-Shwari, akiba na mikopo kwa simu, ilianza Novemba 2012 kwa ushirikiano na benki.

Siku hizi neno limetawanyika mno. Tangu mwaka 2010 kuna hata kongamano la teknolojia nchini Marekani linaloitwa Disrupt. Christensen mwenyewe, katika makala ya mwaka 2015 aliyoandika na wenzake, alieleza kwamba kwa nadharia yake Uber haistahili jina hilo, kwa kuwa haikuanzia kwa wateja waliosahauliwa. Ilianza na watu waliokuwa tayari wanapanda teksi. Wengi hawakumsikiliza. Leo neno linatumika kwa kampuni yoyote inayowatikisa waliotangulia.

Kwa hiyo unapotafsiri, tambua kwanza mwandishi anazungumza maana ipi. Kama ni nadharia yenyewe, ieleze kwa maneno kadhaa, kwa mfano “ubunifu unaopindua soko kuanzia chini”, na mara ya pili unaweza kufupisha. Sipendi “mapinduzi” peke yake hapo, kwa sababu Mswahili akisikia mapinduzi anaona usiku mmoja na silaha, wakati hadithi ya nondo ilichukua miongo. Kama ni majigambo ya kawaida, “inatikisa soko” inatosha. Na kumbuka kuuliza anayezungumza ni nani. Mwekezaji akisema programu ya usafiri “has disrupted the taxi business” anapongeza. Dereva wa teksi aliyekopa kununua gari lake akisema maneno yaleyale analia. Kwa mwekezaji andika imetikisa au imepindua. Kwa dereva andika imevuruga, hata kama Kiingereza chao kinafanana herufi kwa herufi.

Ukitaka kukitumia kitenzi hiki mwenyewe katika ombi la mtaji, kitumie mara moja, tena baada ya kueleza tendo. “Our app will disrupt agriculture” ni sentensi ambayo wasomaji wa maombi wameichoka, na haiwaambii unafanya nini. Jiulize ni mwendo gani wa sasa unaotaka kuubadilisha. Ukiandika kwamba mkulima wa nyanya wa Ilula anauza kwa dalali mmoja anayefika shambani, na kwamba kwa huduma yako atalinganisha bei za wanunuzi watatu kabla ya kuvuna, msomaji ameona kilichopo, kinachobadilika na anayenufaika. Kisha mwambie pia dalali atakuwa wapi siku hiyo, kwa sababu mwenye fedha makini atauliza, na dalali huyo naye huenda ndiye mwenye gari, mwenye kreti na mwenye kumkopesha mkulima mbolea.